Kwa Mwanangu Aliyetoka Wodini Kwenda Ofisini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Unauliza kama uwapelekee sasa hivi wakubwa wako wa huko kwenye bima ya afya wazo lako la kuichora upya fomu ya madai, au usubiri hadi kipindi cha majaribio kiishe, wasije wakasema kwamba muuguzi wa juzi anataka kuwafundisha kazi.

Kabla ya yote niseme lile ambalo nyote mmelichoka: mkono hausahau. Kazi unaweza kuiacha na cheti ukakifungia kabatini, lakini mkono uliokwisha kufunzwa utakwenda nao popote.

Unajua kwamba kabla ya masijala nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Herufi za madini ya risasi hupangwa kichwa chini, na sura zake zimegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo b na d humchanganya mgeni, na 6 ikipinduliwa huwa 9. Kilichotuokoa ni mfuo mdogo uliochongwa ubavuni mwa kila herufi. Kidole gumba kikiupapasa, unajua imekaa sawa hata kabla ya kutazama. Kisha prufu, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapa, ilisomwa na watu wawili, mmoja akitamka tarakimu kwa tarakimu, mwingine akifuata kwa kalamu.

Nilipoingia masijala nilikuta majalada yanapotea na kila mtu anamlaumu tarishi. Nilipolifungua daftari niliona mara moja kwamba jalada 1069 lilikuwa limeandikwa 1096. Hakuna aliyeiba chochote. Macho ya mtu mmoja yalikuwa yanasoma yalichokitarajia. Nikapendekeza tusajili wawili wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika. Mkuu wangu akanijibu mbele ya wote, "Hapa ni ofisini, mama, si kiwandani." Wakacheka, na kicheko kile bado nakisikia. Ni mwenzangu wa meza ya jirani aliyenifuata baadaye akasema tusomeane tu, kimya kimya, na majalada ya meza zetu yakaacha kupotea. Hatimaye utaratibu ule ulienea ofisi nzima, ukatangazwa kikaoni kuwa ni wazo la mkuu yule yule. Baba yako husema nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, na hadi leo mkuu yule sijamsamehe.

Baba yako hudai pia kwamba kilichoniponza ni kuanza na maneno "kule kiwandani". Sikubaliani naye, ingawa huenda ningesubiri kidogo ningesikilizwa. Lakini vilevile, katika kusubiri ningezoea, nikaanza kuamini kwamba kupotea ndiyo tabia ya majalada. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema kama mwenyeji atakubali kutibiwa.

Ulipokuwa chuoni ulinisimulia habari za Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza aliyewazungukia wagonjwa usiku akiwa na taa, na nilichokishika mimi hakikuwa ile taa yake. Nilishika kwamba alipenda hisabati tangu ujana, na kwamba mwaka 1858, baada ya Vita vya Krimea, alichapisha michoro ya rangi iliyoonyesha kuwa askari wengi waliuawa na maradhi yanayozuilika kuliko majeraha. Takwimu zilikuwepo, yeye alizichora ili wakubwa wazione. Mkono hausahau, mwanangu, na wake ulijua kuuguza na kuhesabu.

Wewe umeandika kwamba wateja hukwama kwenye ukurasa wa matibabu, wanajaza jina la dawa panapotakiwa jina la ugonjwa. Wenzako wameziona fomu hizo kwa miaka na wakazirudisha kwa wateja zikiwa na mhuri wa "haijakamilika". Wewe umeelewa kwa sababu umewahi kusimama kando ya mzazi aliyekesha na mtoto, anayelijua jina lililo kwenye chupa ya dawa na hakuna aliyemwambia jina la ugonjwa. Hilo hukufunzwa ofisini.

Ulitaka nikuambie: sasa au baadaye. Jibu ninalo na kalamu inaniwasha, lakini wakubwa wako siwajui na mkataba ni wako, kwa hiyo nitajizuia. Nitumie ukurasa ule kama ulivyo, pamoja na jinsi ulivyouchora wewe, nami nitamwomba baba yako anisomee kwa sauti huku nikifuata kwa kalamu.

Mama yako