Taa za nje zinapoizimisha nyumba nzima

Nyumba yangu iko Gungu, hapa Kigoma, na kila mvua za Novemba zilipoanza, kifaa cha kuzuia mshtuko kwenye boksi la breka kilijikata na kutuacha gizani. Nilizishuku taa za getini, nikazima swichi yake, lakini kifaa kiliendelea kujikata, hasa friji ilipoanza kunguruma. Nikaamini kwamba taa hazina kosa, na kwa majuma mawili nikamsumbua fundi wa friji bure.

Nililolisahau ni kwamba swichi ya ukutani hukata waya wa moto peke yake. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, hubaki imeungwa mpaka getini, na ikigusana na ardhi kwa njia ya maji, sehemu ya umeme unaorudi kutoka kwenye friji hupotelea huko. Kifaa kile kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kwa vile vya majumbani tofauti ya miliampia 30 tu inatosha kukikatisha.

Kwa hiyo usianze kwa kununua balbu. Zima swichi kuu, hakikisha kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, kwamba umeme haupo, kisha ufungue waya zote mbili za njia ya nje, wa moto na nyutro, uzifunike ncha, ndipo urudishe umeme. Kifaa kikitulia, tatizo liko uani. Baada ya hapo igawe njia katikati, kwenye boksi la maungio, ujue ni nusu ipi yenye hitilafu. Kama hujazoea kufungua waya, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwani volti 230 kwenye udongo mbichi si jambo la kujaribia.

Kwangu ubovu ulikuwa chini ya nguzo ya geti. Aliyefunga taa alikuwa amesokota waya na kuzizungushia tepu nyeusi tu. Tepu ilikuwa imelegea, shaba imeota kutu ya kijani, na sisimizi wamejaza boksi udongo uliolowa. Tuliweka konekta ndani ya boksi lisilopitisha maji, tukalipandisha juu ya ardhi na kuziingiza waya kwa chini, ili mvua isiteremke nazo hadi ndani. Taa za nje nikaziwekea kifaa chao peke yao, ili siku zikileta shida tena, friji iendelee kufanya kazi.