Mwezi wa tisa mtamwagilia nini? Kwa wewe unayeanza kazi ya malambo na bustani

Lambo letu la kwanza tulilichimba kwa majembe, sururu na machepe, kaya kumi na moja za kitongoji kimoja huku Misungwi, mkoani Mwanza, tangu Agosti hadi mvua za vuli zilipotukuta bado tumo shimoni. Masika ilipofika likajaa hadi ukingoni, tukapiga vigelegele. Mayu mmoja mzee, yaani mama kwa Kisukuma, ambaye mgongo ulimzuia kuchimba lakini alituletea uji karibu kila siku, alisimama akayatazama yale maji, kisha akauliza, "Mwezi wa tisa mtamwagilia nini?" Hatukumjibu. Katikati ya Julai lilikuwa limebaki tope na nyayo za ng'ombe, na nyanya zetu ndiyo kwanza zilikuwa zinatoa maua.

Nakuandikia wewe unayeanza, uwe afisa ugani uliyepangiwa kata yako ya kwanza, uwe mkulima uliyepata hela ya pampu baada ya kuuza pamba. Kosa letu nimeliona tena Magu, Kwimba na Sengerema. Mtu anapanga bustani kwa macho ya Aprili, wakati kila korongo linatiririka na vyura hawalali. Lakini mmea unaomwagiliwa unaishi Juni, Julai, Agosti na Septemba. Hayo ndiyo maji ya kuyapangia.

Anza na udongo. Wazee wa Kisukuma waliupa majina muda mrefu kabla ya wapimaji: luseni ni ule wa kichanga ulio juu karibu na mawe, itogolo ni ule wa chini ya mteremko wenye tabaka gumu linaloshika maji, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Sisi tulichimba kwenye luseni kwa sababu mbili ambazo siku ile zilionekana nzuri: ulikuwa laini kwa jembe, na ulikuwa karibu na nyumba. Ulaini ule ule ndio uliopitisha maji yetu chini. Tungemuuliza mzee yeyote pale kijijini mahali madimbwi yanapodumu baada ya mvua kukatika, angetuonyesha kwa kidole.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua konzi ya udongo wenye unyevu, ufinyange uwe kama tonge, urushe juu kiasi cha nusu mita kisha uudake. Ukisambaratika, una mchanga mwingi. Ukibaki tonge, chimba shimo la kina cha kiuno, ulijaze maji asubuhi. Jioni sehemu itakuwa imezama, jaza tena, funika kwa matawi. Asubuhi ya pili, maji mengi yakiwa bado yapo, hapo panafaa lambo. Yakiwa yamekwenda, hama, hata kama mwenye kiwanja ni rafiki yako na anakubembeleza. Udongo wa mbuga nao usikudanganye kwa weusi wake. Sakafuni unashika vizuri, ila ukijenga tuta kwa huo peke yake, kiangazi tuta linapasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua ya kwanza inapita humo humo. Lifunike kwa kifusi chenye changarawe kisha panda majani. Shindilia kila tabaka lisilozidi unene wa kiganja kabla ya kuongeza jingine. Sisi tuliwapitisha ng'ombe juu yake kutwa nzima, na kazi yao ilikuwa bora kuliko nyundo zetu za magogo.

Sasa hesabu. Naomba usiiruke, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Bustani ya mboga kwenye jua la Agosti la huku kwetu hutumia takribani lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo inadai kati ya lita 16,000 na 20,000 kila siku. Aliyenunua simtanki la lita 5,000 akapanda ekari ya matikiti amenunua maji ya asubuhi moja.

Chukua mfano wa lambo la kawaida, juu mita 30 kwa 30, kina mita 3, kuta zimelala ili zisibomoke, sakafuni limebaki mita 21 kwa 21. Likijaa lina mita za ujazo kama 1,970. Linaonekana bahari. Wape kaya kumi, kila moja bustani ya mita za mraba 200: kila kaya inahitaji lita 1,000 kwa siku, yaani mita za ujazo 10 kwa wote, na kwa siku 120 za kiangazi ni 1,200. Ng'ombe mia wakinywa lita 30 kila mmoja, ongeza 360. Halafu kuna mnywaji ambaye hakuitwa kwenye kikao: jua. Linanyonya kama milimita 5 kila siku kwenye uso wote wa maji, na hata ukizingatia kwamba uso unapungua kadiri lambo linavyoshuka, weka 400. Jumla ni 1,960. Hakuna kilichobaki kwa maji yanayozama, wala kwa tope la chini ambalo hakuna pampu italivuta. Kaya saba zinakaa salama. Kaya kumi zitagombana kabla Agosti haijaisha, na watu watasema ni wivu au uchawi, kumbe ni hesabu.

Ndiyo maana kina ni bora kuliko upana. Lambo pana lenye kina kifupi ni sahani ya kulishia jua.

Maji ya kulijaza nayo yana hesabu yake. Ukanda wetu hupata mvua ya kama milimita 800 hadi 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huzama ardhini inapoangukia. Ikikimbia juu ya ardhi kumi kwa mia tu, hekta moja itakuletea mita za ujazo 800 au zaidi kidogo. Kwa lambo la mfano wetu unahitaji mteremko wa hekta tatu au nne unaoelekea kwako. Mteremko huo ukiwa umeachwa ngitili, yaani malisho yaliyofungiwa, maji yatakuja polepole yakiwa masafi. Ukiwa mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko, utaletewa udongo wa jirani mpaka lambo lifukiwe. Chimba shimo la kunasia mchanga kabla ya mdomo wa lambo, na usisahau utoro wa maji, yaani njia ya kutolea yanayozidi, pembeni mwa tuta, mpana, wenye majani au mawe. Tuta huvunjwa na maji yaliyokosa njia ya kutokea, na huwa ni usiku mmoja tu wa mvua kubwa.

Paa la bati ni kisima kidogo ambacho wengi wanacho tayari. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ikipata mvua ya milimita 20 inatoa lita 1,200, na ukitoa yanayorukia nje ya gata utabaki na kama 950. Yale ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yamwage. Maji haya yaache kwa ajili ya nyumbani na kitalu cha miche. Kitalu kinapenda maji safi na hakinywi sana.

Kabla ya kufikiria pampu, angalia pia kilimo ambacho wazazi wetu walikifanya bila hata ndoo. Majaruba ya mpunga unayoyaona kila bonde ukitoka Mwanza kuelekea Kwimba ni uvunaji wa maji: kingo za udongo zinazozuia maji yaliyoshuka kutoka mlimani yasiondoke. Na dengu inayopandwa mbugani masika ikiwa inaisha inakua kwa unyevu uliobaki ardhini tu. Nimewaona vijana wakidharau dengu na kukopa kwa ajili ya nyanya, na inaniuma. Kama udongo wako ni mbuga na maji yako ni machache, weka dengu bondeni, na bustani ya kumwagilia iwe ndogo karibu na nyumba.

Walio kandokando ya ziwa wataniuliza, yote haya ya nini na Victoria hii hapa? Ziwa ni kubwa, ila kuyapandisha maji kuna gharama. Maji ya Ihelele, hapa hapa Misungwi, yanasafiri kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama kwa sababu kuna mitambo mikubwa inayoyasukuma. Wewe una pampu ya petroli ya kubeba mkononi. Pampu ya kunyonya iliyokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini yake kwa zaidi ya mita 7 hivi, na sisi tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na uwezo huo unapungua. Isogeze karibu na maji, iyasukume kwenda juu. Kusukuma inaweza, kuvuta haiwezi.

Ziwa lenyewe pia halikai mahali pamoja. Mwaka 2006 lilishuka mno, watu wakafuata maji na kulima pale yalipotoka. Mwaka 2020 likapanda na kuchukua bustani, vibanda na mipira ya maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu eneo la mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na kwa kiasi kikubwa ndilo eneo ambalo ziwa hulirudia. Ukitaka kuvuta maji kwa mashine ziwani au kuziba mto, pita kwanza ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza, uulizie kibali. Fanya hivyo kabla ya kununua vifaa.

Kuna jambo la afya ambalo sitaki ulichukulie kama nyongeza. Kichocho kipo ukanda huu wote, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kama ya lambo. Vaa buti unapoingia. Fyeka majani ya ukingoni. Choo kiwe mbali na kitumike, kwa sababu bila kinyesi na mkojo wa binadamu kufika majini ugonjwa hauendelei. Dawa ya prazikwanteli ikitolewa shuleni, watoto wasikose siku hiyo. Lambo pia huzamisha watoto, kimya kimya, mchana kweupe. Lizungushie minyaa au katani mwaka ule ule wa kwanza, na uache mlango mmoja tu.

Mlango huo ndio unaonileta kwenye ng'ombe. Mwaka wa kwanza wa lambo la pili tuliwakataza wafugaji kabisa, tukawaomba sungusungu walinde. Usiku mmoja uzio ukavunjwa, asubuhi tukakuta kingo zimekanyagwa hadi ndani. Tulikasirika sana. Lakini tulipokaa kikao tukakiri kwamba wale ni shemeji na wajomba zetu, na mifugo yao haina pengine pa kunywa. Tukatoa bomba chini ya tuta na kujenga birika la kunyweshea upande wa nje, na maji yao tukayaingiza kwenye hesabu. Tangu hapo siku ya kutoa tope wao huleta maksai na mikokoteni, na tope lenyewe, ambalo lina rutuba nzuri, tunagawana kwa mashamba.

Ardhi nayo iwe na maandishi. Lambo lile la kwanza, hata lisingekauka, tungelipoteza, maana mwenye eneo alitupa kwa mdomo tu, na alipofariki warithi wake walidai chao. Sikuwalaumu. Lambo la pili lilipitishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari ukaandikwa, familia nzima ya mtoaji ikasaini, wanawake kwa wanaume. Na mnapochagua viongozi, mshika ufunguo wa pampu awe mtu anayemwagilia kwa mikono yake. Kwetu wanaomwagilia wengi ni akina mama, wao ndio wanaojua zamu ya nani ilirukwa.

Kuhusu mipira ya matone nitasema kidogo. Inaokoa maji kweli, na ndoo ya lita 20 iliyowekwa kwenye kichanja cha mita moja inaweza kuhudumia miche kama mia moja. Lakini maji ya lambo yana tope, na tundu la tone ni dogo. Bila chujio na pipa la kutuliza maji, ndani ya wiki chache utakuwa unazibua kwa sindano. Anayeanza na keni, akiweka matandazo ya majani ya mpunga na kumwagilia asubuhi na mapema, hajapitwa. Muhimu ni kutokuruka siku: nyanya iliyokaushwa kisha ikashibishwa ghafla huoza kitako.

Katikati ya lambo letu sasa imesimama nguzo yenye alama kila sentimita 10. Kila tarehe 1 ya mwezi mkwe wa yule mayu husoma alama mbele ya watu na kuiandika kwenye daftari. Mwaka huu tarehe 1 Juni ilisoma mita 2 na sentimita 40, ikiwa ni chini ya mwaka jana. Tulikubaliana kila kaya ipande matuta mawili ya nyanya badala ya matatu, na la tatu lipandwe viazi vitamu vya kukausha michembe kwa maji ya mvua za vuli. Wawili walinuna. Agosti walikuja wenyewe kuitazama nguzo, na tarehe 1 Septemba tutasoma tena.