Mzee anakataa kuogeshwa, niache mafunzo?

Mdogo wangu, pole sana. Umesema unajifunza kazi kwenye makao ya wazee, mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau anakufokea kila ukimwogesha, tena unaachwa peke yako umnyanyue kitandani, na sasa unataka kuacha. Kwa kufokewa usiache.

Mzee huyo hamwoni mwanafunzi, anamwona mgeni anayemvua nguo. Nani asingeogopa? Bisha hodi hata kama mlango uko wazi, mwamkie kwa jina analolipenda, kisha kaa chini macho yenu yalingane. Mwambie kila hatua kabla hujamgusa. Mpe kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ajipanguse uso mwenyewe, na mfunike taulo, ukifunua sehemu unayoosha tu. Akikataa katakata, mwache, urudi baadaye. Ukimlazimisha leo, kesho atakuogopa zaidi.

Kama ukali umeanza ghafla, huenda ana maumivu asiyoweza kuyasema. Kagua kisigino na nyonga: ngozi iliyobadilika rangi, na rangi hiyo haififii ukiibonyeza kidogo, yaweza kuwa mwanzo wa kidonda cha kulala. Mwambie muuguzi siku hiyohiyo, na uandike kwenye kumbukumbu za zamu.

Lakini hilo la kuachwa peke yako umnyanyue kitandani halikubaliki hata kidogo! Mnaweza kuumia wote wawili. Kamwone msimamizi wako kesho, umwombe mmwogeshe mzee pamoja, uangalie anavyofanya. Kisha rudi hapa utuambie amejibu nini.