Geuza jiko usome kibandiko kabla ya kuuliza bei

Dada, usitume hiyo pesa. Umeandika kwamba muuzaji mmoja hapo Lindi anakuuzia jiko la mtumba la vichomeo vinne na oveni, ambalo nyuma yake pameandikwa "G20, 20 mbar", na kwamba ulipomuuliza maana ya maandishi hayo alikujibu kuwa ni namba za kiwandani tu, kisha akakupongeza kwa kuwa sisi watu wa kusini gesi ni yetu. Umeuliza pia nozeli ni nini, regulata ni nini, na kama oveni ya gesi ina nafuu kuliko mkaa kwa mtu anayeoka mikate ya kuuza. Mimi nianze na hiyo G20, kwa sababu niliambiwa maneno hayohayo hapa Mtwara mwaka 2019, nikayaamini, na mpwa wangu bado ana kovu mkononi.

G20 si namba ya kiwandani. Ni alama ya aina ya gesi ambayo jiko limetengenezewa, nayo ni gesi asilia, ambayo karibu yote ni methani. Zile "mbar" ni milibari, kipimo cha mgandamizo ambao gesi inapaswa kuwa nao inapofika kwenye jiko. Jiko la kutumia mtungi huandikwa G30, yaani butani, kwa milibari 28 hadi 30, au G31, yaani propani, kwa milibari 37. Maandishi hayo huwa kwenye kibandiko au kibati kidogo kilicho nyuma ya jiko, wakati mwingine chini ya oveni, na ndiyo maandishi pekee ambayo muuzaji hawezi kuyabadilisha kwa maneno matamu.

Sasa sikiliza jinsi nilivyopotoshwa, maana kauli yenyewe inaingia akilini kirahisi. Muuzaji wangu alisema kwamba jiko la gesi asilia ndilo linalotufaa, kwa kuwa gesi asilia inatoka kwetu. Nani wa huku atabisha? Songo Songo iligunduliwa gesi mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, mitambo ya Madimba tunaifahamu, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015 mbele ya macho yetu. Lakini gesi hiyo inasafiri ndani ya bomba. Iliyo ndani ya mtungi wako ni mchanganyiko wa propani na butani, ambao huletwa nchini kwa meli na kupokelewa Dar es Salaam na Tanga, kisha ukapandishwa lori hadi kwetu. Isipokuwa kama nyumba yako ni miongoni mwa zile zilizounganishiwa bomba, gesi ya Mnazi Bay haijawahi kuingia jikoni kwako. Mtu anayeuza majiko anapaswa kulijua hilo kuliko mimi na wewe, na kama analijua na bado anakwambia gesi ni gesi, basi anauza hatari kwa kujua.

Tofauti ya gesi hizo mbili si ya jina tu. Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina nishati zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Ndiyo maana nozeli, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambacho hurusha gesi ndani ya kichomeo, huwa na tundu pana kwenye jiko la gesi asilia na tundu jembamba kwenye jiko la mtungi. Ukifunga mtungi kwenye jiko lenye nozeli pana, gesi nzito inapita kwa wingi usiotakiwa, hewa inayovutwa pamoja nayo haitoshi kuiunguza, na unapata moto mrefu wa njano wenye joto karibu maradufu ya lile ambalo kichomeo kilijengwa kulibeba, pamoja na masizi na hewa ya sumu inayouma kichwa.

Hayo yote niliyaona ndani ya wiki ya kwanza na sikuyaelewa. Sufuria zilikuwa nyeusi kama za kuni. Mtungi wa kilo 15, ambao kwa jiko letu la zamani ulitufikisha miezi miwili, uliisha ndani ya wiki tatu. Mke wangu alilalamika kichwa kila alipomaliza kupika, nami nikamwambia afungue dirisha. Nilipochoka nilimwita fundi, na hapo ndipo lilipotokea kosa lililonigharimu kuliko yote.

Fundi yule hakugeuza jiko, hakusoma kibandiko, hakufungua hata kichomeo kimoja. Alitazama moto wa njano akasema gesi inafika kwa unyonge, wakati ukweli ni kinyume chake: moto wa njano ulikuwa dalili ya gesi kuzidi hewa. Akaondoa regulata yangu, kile kifaa kinachokaa juu ya mtungi kushusha mgandamizo hadi kiwango cha nyumbani, akafunga regulata ya mgandamizo mkubwa, ambayo watu huitumia kwenye majiko mapana ya mama lishe. Alichukua pesa yake akaondoka. Jioni ileile binti wa dada yangu, aliyekuja likizo kutoka Newala, aliwasha jiko apashe ming'oko iliyobaki mchana. Moto uliruka hadi kwenye pazia la dirisha, na alipojaribu kulivuta ukamshika mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nililowesha kanga nikajizungushia mkononi, nikafunga valvu ya mtungi, nikamtoa nje. Alilala hospitali siku tisa. Pazia na dari vilitengenezwa, lakini yeye alikuwa na umri wa miaka 16 na hadi leo havai nguo za mikono mifupi.

Nilimfuata fundi, akasema jiko ndilo bovu. Nilimfuata muuzaji, akasema fundi ndiye aliyeharibu. Jiko halikuwa bovu hata kidogo. Baadaye fundi mwingine, mzee anayehudumia majiko ya hoteli, aligeuza jiko kabla hata ya kunisalimia vizuri, akanionyesha maandishi "II2H3B/P" kwenye kibati. Tarakimu hiyo ya II maana yake ni kwamba jiko limethibitishwa kwa makundi mawili ya gesi, yaani asilia (hiyo 2H) na ya mtungi (hiyo 3B/P), ila lazima libadilishwe nozeli. Lingekuwa na I peke yake pamoja na 2H, angeniambia nilipeleke kwenye vyuma chakavu. Alitoa nozeli ya kichomeo kikubwa iliyogongwa namba 128, maana yake tundu la milimita 1.28, akaweka ya 87. Alibadilisha za vichomeo vyote pamoja na ya oveni, akakaza skrubu za moto mdogo, akarudisha regulata ya nyumbani ya milibari 30. Moto ukawa wa bluu, mfupi, uliotulia. Kazi nzima haikufika saa mbili.

Jambo jingine ambalo mzee huyo alinionyesha: gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja hupanda, lakini ya mtungi ni nzito na hutambaa sakafuni. Dirisha la juu nililokuwa namwambia mke wangu afungue lisingetosha kuitoa. Sasa nina tundu la hewa chini kabisa ya ukuta, karibu na mtungi.

Kwa hiyo kesho nenda kwa huyo muuzaji, mwambie aligeuze jiko, upige picha ya kibandiko chote, tangu jina la gesi hadi ile tarakimu ya kirumi. Akikataa kuligeuza, au akikwambia kibandiko kimebanduka, rudi nyumbani. Ikiwa imeandikwa II na 3B/P, muulize ziko wapi nozeli za gesi ya mtungi, kwa sababu majiko ya namna hiyo mara nyingi hutoka kiwandani na mfuko mdogo wenye seti ya pili, na kama hana, bei ipungue kwa gharama ya kuzitafuta. Iweke hiyo picha hapa kabla hujatoa hata shilingi, nitaisoma pamoja nawe.