Mlipomtumia Mama Tokeni, Mlimuuliza Anachemsha Maji kwa Kitu Gani?

Wiki jana dada mmoja msomaji wangu, anayeishi Leeds, aliniandikia. Mamake yuko Tudor, hapa Mombasa, stima inammaliza, na tokeni anazomtumia (zile namba za stima ya kulipia kabla, unazibonyeza kwenye mita) hazifiki wiki mbili. "Huku wazee wanapewa pesa za baridi na serikali," akasema. "Huko kwetu nimsaidieje mama?"

Ni kweli, Uingereza posho hiyo ipo, pauni 200 hadi 300, na serikali ilipowakatia wengi mwaka 2024 zogo halikuisha mpaka 2025 ikarudishwa kwa wazee ambao mapato yao hayazidi pauni 35,000 kwa mwaka. Sisi Mombasa hatuna theluji, tuna kusi. Cheka ukitaka, lakini Julai upepo ukivuma na manyunyu ya asubuhi, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu hataki hata kusikia habari ya maji ya bomba. Na maji ya moto yana bei.

Ningemjibu dada yule kwa mistari miwili, ila jambo hili limeshaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hivyo nalieleza lote.

Mamangu anakaa Majengo, nyumba ya Kiswahili, vyumba viwili amepangisha, mita moja. Sisi watoto ni watatu. Kakangu yuko Doha, mdogo wetu yuko Nairobi, mimi niko Bamburi. Kwa kuwa ndiye niliye karibu, nilikuwa najihesabu ndiye mtoto mwema, na sikuona haya kusema hivyo mbele za watu. Kila tarehe mosi natuma tokeni za 1,000, moyo umetulia.

Mwaka 2023, baada ya Idi ya kuchinja, nikaona ajabu. Pesa zilezile, uniti zimepungua. Nikalaumu kampuni, nikalaumu serikali, nikamlaumu mpangaji. Siku nilipokaa na simu ya mama nikisoma meseji za tokeni moja moja, ndipo nilipojiona mjinga. Kumbe sote watatu tulikuwa tunamuuliza swali moja, "Mama, stima ipo?" naye anatujibu jibu moja, kama wazee wote: "Ipo, lakini inakaribia kwisha." Mimi nikatuma. Doha akatuma 2,000. Nairobi naye asionekane hana shukrani, akatuma. Mwezi ule wa Idi mita ya mama ilinunuliwa uniti kama za hoteli.

Hapa nisikilizeni vizuri. Viwango vya Aprili 2023 vya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, vilikuwa na ngazi tatu kwa sisi wa majumbani. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa uniti, asiyezidi 100 akapangiwa 16.30, na aliyepita 100 akapangiwa 20.97, yote hayo kabla ya kodi na makato. Bei zenyewe hubadilishwa mara kwa mara, lakini mtego uko penginepo. Ngazi yako hutokana na wastani wa miezi mitatu iliyopita, na kwa mita ya tokeni kinachohesabiwa ni ulichonunua. Kwa hiyo sisi wana wema tulimpandishia mama bei kwa mapenzi yetu.

Nikaenda Majengo Jumamosi alfajiri bila kumwambia. Nikamkuta uani na koili, kile chuma cha stima cha kuchemshia maji, ndani ya ndoo ya lita ishirini. Ndoo moja asubuhi, moja kabla ya magharibi. Ndoo moja ya maji vuguvugu hula karibu nusu uniti, kwa hivyo mbili kila siku, mwezi mzima, ni uniti ishirini na tano au zaidi. Maji ya kuoga tu!

Nilimfokea. Naandika hili nikijua wengine mtanisema, lakini nilimfokea mamangu kwa sababu ya koili. Akaniacha nimalize, kisha akaniuliza taratibu: "Gesi imekwisha tangu Idi. Mtungi nitaubeba mimi?"

Nyote mliotuma pesa wiki hii mkalala usingizi, someni hilo tena. Mzee hachagui stima kwa anasa. Anaichagua kwa kuwa swichi haina uzito. Tangu siku hiyo kuna kijana wa dukani anayemletea mtungi wa kilo sita na kuufunga, nami namlipa kwa simu. Mama anachemsha sufuria moja, anachanganya na maji ya ndoo, basi. Friji nayo mpira wa mlango ulikuwa umelegea (bana karatasi mlangoni, ikichomoka bila kushika, mpira umekwisha), tukabadilisha. Mpangaji aliyekuwa na jiko la stima chumbani tuliongea naye, hakuwa mgumu.

Kugumu kulikuwa kwa ndugu zangu. Niliandika kwenye grupu la familia kwamba mtu asitume tokeni kabla ya kuniuliza, wenye pesa za ziada wazielekeze kwenye gesi na dawa. Kakangu akajibu, "Tangu lini wewe ndiye kampuni ya umeme?" Mdogo wangu akaweka kicheko. Miaka imepita na kile kicheko bado nakiona.

Lakini kufikia Novemba mama alikuwa kama uniti tisini, ameshuka ngazi. Kwa viwango vile vya Aprili, ukitia kodi na makato, tofauti ni zaidi ya shilingi 5 kwa kila uniti, karibu 500 kwa mwezi. Mnaoona 500 ni ndogo, Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee na wanyonge, humpa mzee wa miaka sabini kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni robo yake!

Kwa hiyo, dada yangu wa Leeds, kabla ya kutuma tena, mtafute mtu aende Tudor asubuhi, wakati wa kuoga, si mchana wakati wa kukaribishwa chai. Aone maji yanachemshwa kwa kitu gani. Aangalie mita inahudumia vyumba vingapi. Mkubaliane mnunuzi wa tokeni awe mmoja tu. Mmoja! Nawaambia watu hili kila siku na kila siku naonekana mchoyo.

Desemba iliyopita kakangu alituma tokeni za 3,000 saa tano usiku, kimya kimya. Mama akanipigia asubuhi, anacheka kwa siri. "Usimgombeze nduguyo. Zile namba nimeziandika kwenye karatasi, sijazibonyeza kwenye mita, kwa hivyo hazijahesabiwa."

Nikamwambia, "Umefanya vizuri, mama." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba zilihesabiwa pale zilipolipiwa.