Fundi Anajibu: Injini kubwa za ndege za rimoti na pesa zinakokwenda

Shikamoo Mzee. Nina miaka mitatu kwenye klabu ya ndege za rimoti hapa Leicester, na sasa ninamalizia Piper Cub ya theluthi moja ya ukubwa wa ndege halisi, mabawa yake mita 3.6 kasoro kidogo. Mwanachama mwenzetu anaacha kurusha kwa sababu ya macho, na ananiuzia injini, nichague moja kati ya mbili. Ya kwanza ni Zenoah G-62 ya petroli, ya zamani, yenye magneto (inajitengenezea cheche bila betri), paundi 120. Ya pili ni ya methanoli, mipigo minne, cc 30, safi kabisa, paundi 150. Vijana wananiambia niachane na zote ninunue mota ya umeme, eti injini hazina soko tena. Mke wangu anauliza kitu kimoja tu: kila nikirusha, pesa ngapi zimeondoka? – Msomaji, Leicester

Marahaba. Swali la mkeo ndilo lenye uzito, nami nitalijibu kwa daftari.

Kila mruko mimi nauandika. Tabia hiyo niliitoa Tanga, kwenye karakana ya shamba la mkonge nilikojifunzia kazi, ambako msimamizi wetu hakukuruhusu kufungua injini kabla hujaandika saa ilizofanya kazi. Cub yangu ni ya ukubwa kama wako, ina injini ya petroli ya cc 55. Msimu uliopita iliruka mara 64, wastani wa dakika 12 kila mruko, ikanywa lita 26. Mimi hununua petroli ya super, kwa hiyo hapo zilinitoka kama paundi 40. Oili naichanganya moja kwa arobaini, yaani mililita 650 kwa msimu mzima, kama paundi 11. Gawanya kwa 64: peni 80 kwa mruko. Ongeza plagi moja ya paundi 7, na propela moja ya mbao ya paundi 28 niliyoivunja kwa kutua kwenye nyasi ndefu. Jumla inafika paundi 1 na peni 34. Mwambie mkeo hiyo, bila kuficha propela.

Sasa ile ya methanoli. Injini ya mipigo minne ya cc 30 niliwahi kuwa nayo, na ilikuwa ikimaliza nusu lita kwa dakika 12 zile zile. Galoni la mwisho la mafuta yake lilinigharimu paundi 34, yaani paundi 7 na nusu kwa lita. Kwa hiyo kila mruko uliondoka na paundi 3 na zaidi ya nusu, kabla sijagusa plagi wala propela. Kwa mafuta peke yake ni zaidi ya mara nne ya petroli, tena kwa injini iliyo nusu ya ukubwa.

Watu wengi hudhani wauzaji wa methanoli wanatuibia. Hapana, kiini kiko kwenye kuungua kwenyewe. Petroli inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue sawasawa. Methanoli inatosheka na mara 6 na nusu. Injini inavuta hewa kulingana na ukubwa wa silinda yake, mafuta yanafuata hewa. Kwa hewa ile ile, methanoli itakayoingia ni zaidi ya maradufu. Na kilo moja ya methanoli ina nishati ya megajuli 20 hivi, wakati kilo ya petroli ina 44. Tena kwenye mafuta ya methanoli oili ni asilimia 10 hadi 20, oili ghali, ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye ekzosi na kukupaka tumbo la ndege. Nimeona G-62 ikinywa karibu sawa na injini ndogo ya methanoli ya cc 10 yenye mipigo miwili. Mtu akiniambia hilo nikiwa kijana ningembishia, lakini tangi halisemi uongo.

Sauti ya ile ya mipigo minne ni tamu, sikatai. Kwenye ndege ya kilo 7 au 8 ningekuambia ichukue ukubali gharama. Kwenye Cub ya theluthi moja itafanya kazi kwa kujikamua, na utakuwa unafungua koo lote la kabureta muda wote. Ichukue Zenoah.

Na kuna faida moja ya Zenoah hiyo ambayo muuzaji wako pengine hakukutajia. Wengi wanaikimbia kwa sababu magneto na gurudumu lake zinaifanya nzito, kama kilo 2, wakati injini mpya za cc 55 zenye moto wa betri ni nyepesi zaidi. Kwa ndege ya sarakasi hiyo ni kasoro kweli. Lakini Cub ina pua fupi. Karibu kila Cub kubwa niliyoishika ilikuwa na madini ya risasi yamefungwa mbele ili uzito ukae mahali pake. Yangu ina gramu 700 za risasi, nazibeba angani bila kazi yoyote. Wewe uzito huo utakuwa injini.

Uwe na hadhari na magneto, lakini. Haina betri ya kuzima. Gurudumu likizunguka kwa nguvu, cheche inatoka, hata kama kila kitu kingine kwenye ndege kimekufa. Weka swichi inayoiunganisha koili na bodi ya injini, ijaribu kila asubuhi kabla ya kurusha, na usishike propela bila mtu mzima kukushikia mkia. Propela ya inchi 22 inakata kidole kama muwa.

Mipira yote ya mafuta iliyotumika na methanoli usiihamishie kwenye petroli. Silikoni inavimba na kulegea ndani ya petroli, na kizibo cha tangi vilevile. Nunua mipira ya petroli, ni paundi chache.

Nimetaja super kwa makusudi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Super imebaki na 5. Kabureta ya injini hizi ni ya aina ya Walbro, ile ile ya msumeno wa injini, na ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachopampu mafuta. Ethanoli na kukaa muda mrefu vinakikausha. Mwaka mmoja niliiacha Cub na petroli ndani ya kabureta kuanzia Novemba hadi Aprili. Chini iliwaka vizuri, ikanguruma vizuri. Ilipofika mita 15 juu, ndege imeinua pua, ikanyamaza. Iliangukia shamba la shayiri, bawa la kushoto likavunjika mbavu saba. Nilipofungua kabureta, kiwambo kilikuwa kigumu kama karatasi ya kalenda. Seti nzima ya viwambo na gasketi ni chini ya paundi 10. Bawa lilinichukua wiki tano za usiku. Ndiyo maana nasema gharama ya injini hizi haiko kwenye petroli: iko kwenye miezi ambayo huirushi. Mwisho wa msimu maliza mafuta yote, acha injini izime yenyewe kwa kiu, tia matone ya oili kwenye tundu la plagi, izungushe kwa mkono mara chache.

Kuhusu vijana na umeme. Kwa ndege ndogo wana haki, na soko la injini ndogo za methanoli kweli limekwisha mbele ya macho yangu. Kwa ukubwa wa cc 50 hesabu ni nyingine. Mota yenye nguvu hiyo inataka seli 12 za lipo (betri za lithiamu) za ampea-saa 5, ambazo ni paundi 170 au zaidi kwa seti, na zinakupa dakika 6, pengine 7 kwa Cub iliyo mpole. Zikivumilia kuchajiwa mara 200, kila mruko umekula peni 85 za betri. Ni sawa na petroli yangu kwa nusu ya muda. Na ili uruke mchana mzima unahitaji seti tatu, kwa hiyo paundi 500 zinatoka siku ya kwanza, na betri inazeeka hata ikiwa kabatini. Pale umeme unapolipa kweli ni penye majirani wakali. Klabu nyingi zinapima kelele, desibeli 82 kwa umbali wa mita 7, na nimeona viwanja vikipotea kwa sababu ya mtu mmoja mwenye sailensa mbovu. G-62 yako iwekee sailensa nzuri na propela kubwa inayozunguka polepole.

Ukichoka nayo utaiuza? Kwa paundi 120 uliyoinunulia, au karibu nayo, ilimradi ina mgandamizo na spea zake zote. Injini za petroli za cc 50 hadi 62 ndizo zinazouzika haraka kuliko zote, kwa sababu ndege yake inaingia kwenye gari la kawaida ikifunguliwa mabawa, na haifiki kilo 25. Ukivuka uzito huo unaingia kwenye ukaguzi na vibali vya peke yake.

Shikamoo fundi. Niko Mombasa. Binamu yangu anafanya biashara Guangzhou, amepata injini za ndege za rimoti za cc 120, silinda mbili, kwa bei nzuri akichukua 20. Nina akiba. Nauliza kama soko lipo huku kwetu na Ulaya. – Msomaji, Mombasa

Marahaba mwanangu. Usitie akiba yako hapo. Nakuambia kwa sauti ya chini lakini nakusihi.

Hata hapa Ulaya, kwa kila mtu mmoja anayenunua cc 120, nawaona wengi wanaonunua 30, 35 na 55. Ile ya 120 ni ya ndege za sarakasi za karibu mita 3, na mwenye ndege hiyo hanunui injini kwa mtu asiyemjua. Ananunua kwa duka litakalomletea pistoni na ringi Jumanne ijayo. Injini bila spea ni chuma. Na warushaji wa ndege za ukubwa huo kwa Kenya na Tanzania ni wachache. Hata ndege yenyewe huko kwenu iko chini ya kanuni za mwaka 2020 za vyombo visivyo na rubani, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, inataka vibali.

Kuna jambo zito zaidi. Injini hizi siku hizi zinatafutwa na watu ambao hawana habari na mchezo wetu. Ndege ya upelelezi ya Urusi, Orlan-10, imekutwa Ukraine ikiwa na Saito FG-40, injini ya Kijapani ya cc 40 iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi na yule wa Leicester. Inaniuma kila nikiikumbuka. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 China imeweka udhibiti wa kusafirisha nje baadhi ya injini za droni, zile za zaidi ya kilowati 16. Za binamu yako ziko chini ya hapo, lakini ukileta mzigo wa injini 20 bila kujua zinakwenda wapi, forodha watakuuliza, na watakuwa na haki. Atakayekuja kuzinunua zote kwa mkupuo bila kuuliza bei, huyo ndiye usiyetaka kumwona.

Kama mkono wako unapenda injini, sikiliza. Kabureta ya Walbro niliyoitaja juu, au nakala yake, iko kwenye mashine nyingi za kukatia nyasi, na hizo Mombasa ziko kila hoteli, kila shule, kila kando ya barabara. Viwambo vinakauka huko kwa joto kuliko hapa kwangu. Seti za viwambo, plagi, mipira ya petroli na kichujio cha ndani ya tangi: mzigo wa kwanza unaingia kwenye begi moja. Mwombe binamu yako akuletee sampuli za aina tatu, zijaribu mwenyewe kwenye petroli wiki mbili kabla ya kuagiza nyingi, kwa sababu nakala nyingine za kiwambo zinakunjamana. Mrusha ndege mmoja akitokea Nyali au Kilifi utamhudumia pia.

Assalaam aleikum. Injini yangu ya cc 55 inazima angani baada ya dakika 5, hapa Maskati, asubuhi haizimi. Nimefungua skrubu za kabureta kila upande. – Msomaji, Maskati

Waaleikum salaam. Rudisha skrubu zilipokuwa, hazina kosa. Kama inaruka vizuri asubuhi na kufa saa sita, injini yako haipumui ndani ya kifuniko chake. Pima tundu la hewa linaloingilia mbele na lile la kutokea chini: la kutokea liwe mara mbili hadi tatu ya la kuingilia, la sivyo hewa inasimama na petroli inachemka kwenye mpira kabla ya kufika kabureta. Weka kipande cha plastiki au cha mbao nyepesi ya balsa ndani, kisukume hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda badala ya kupita pembeni. Mpira wa mafuta usiguse sailensa. Oili iwe ya sintetiki, moja kwa thelathini na mbili, na dumu la mchanganyiko likae kivulini, si nyuma ya gari. Mwezi wa sita na wa saba rusha kabla ya saa mbili asubuhi, kisha niandikie kama bado inazima.