Umepangiwa darasa la kwanza vijijini Dodoma? Wewe ni mwalimu wa lugha ya pili

Wenzangu wa ajira mpya mnaokwenda kuripoti Chamwino, Bahi, Chemba na kwingineko mkoani, karibuni. Barua yako inasema utafundisha darasa la kwanza. Haisemi kwamba watoto wengi utakaowakuta waliitwa kula jana jioni kwa Kigogo, Kirangi, Kiburunge au Kisandawe, na kwamba wengine Kiswahili wanakisikia dukani na redioni tu.

Hili huchelewa kuonekana, na sababu ni Kiswahili chenyewe. Kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kukwama, ukampigia makofi, kumbe hajaambulia kitu. Swali la "mmeelewa?" halisaidii, utajibiwa "ndiyooo mwalimu" hata ungeongea Kichina. Mwite mmoja, mwambie: "Chukua kifutio, kiweke chini ya dawati." Akikishika akabaki anawatazama wenzake usoni, neno "chini" bado hana. Hapo ndipo pa kuanzia kesho.

Ukiniuliza mwalimu wa lugha anahitaji nini kuliko vyote, nitakwambia sikio. Mengine hununuliwa au huazimwa. Mtoto wa Kigogo na wa Kirangi ana nafuu ya ngeli, maana lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Upatanisho wa maneno ameuzoea nyumbani. Wa Kisandawe au Kiburunge hana ngeli za namna hiyo kwao. Akisema "mti kikubwa", si uzembe wala uzito wa kichwa. Mwalimu asiyelijua hili humwita mjinga mtoto mwenye lugha ngumu kuliko zote alizowahi kuzisikia yeye. (Vidoko vya Kisandawe, zile sauti za kugonga ulimi kinywani, uvijaribu kwanza nyumbani. Watakucheka tu, lakini uvijaribu.)

Sasa huyo wa "mti kikubwa" unamfanyaje? Usimkatize wala usimrudishe ubaoni. Mjibu kama mtu aliyekuletea habari: "Ehee, mti mkubwa! Uko wapi huo mti mkubwa? Nani mwingine ameona mti mkubwa?" Ameshasikia umbo sahihi mara tatu na hajaaibika. Makosa mengine yaache yapite, hasa muhula wa kwanza. Ukisahihisha kila kitu, utapata darasa lenye nidhamu sana na lisilosema neno.

Na ukiuliza swali, nyamaza. Mtoto analipokea kwa Kiswahili, analitafakari kwa kilugha, kisha anatafuta maneno ya kukujibu. Sekunde tano zitaonekana ndefu kama mahubiri, vumilia. Usimdakie neno mdomoni, na usiruhusu wale watatu wa dawati la mbele, watoto wa mwenye duka na wa watumishi, wajibu kwa niaba ya kijiji.

Vitabu utavikuta na picha za jahazi na minazi. Vitumie, lakini anza na zizi, uwele, mlenda, mbuyu, punda wa kuchotea maji. Kitu akikijua, amebakiwa na kazi ya jina lake tu.

Kuna shule bado zinamtundika kibao shingoni mtoto aliyezungumza kilugha. Sikubaliani nacho hata kidogo. Mtoto akikwama, mwombe mwenzake amsaidie: "Kwenu mnaitaje?" Kisha mpe la Kiswahili. Wewe mwenyewe jifunze salamu. Ukipita njiani ukasema "mbukwenyi", wazazi wa Kigogo watakuja kwenye kikao ulichokiitisha.

Mliokulia Dar au pwani, punguzeni kasi na maneno ya mtaani. Nimeona waliotoka Kagera na Mbeya wakilishika darasa mapema zaidi, nadhani kwa sababu nao walikikuta Kiswahili shuleni.

Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija akakuta watoto wako nje wamezunguka mbuyu wanabishana, mwonyeshe andalio la somo: "kila mwanafunzi aweze kusema sentensi mbili kuhusu mti." Wapo wakali watakaouliza kwa nini ubao ni mtupu. Wengi wao, ukiwapa muda, wataenda pale mbuyuni na kuanza kuwauliza watoto wenyewe.